Vita vya Herufi Nne juu ya Sinia la Tatu

Tegeni masikio, enyi wagoshi na akina mama mliojaa barazani kwangu! Mimi Mika, mstaafu wa bohari, naapa kwa miwani yangu yenye mkono mmoja kwamba nitakayonena ni kweli tupu. Na atakayenikamata na uongo, hata wa ukubwa wa chawa, nitampukuchulia debe zima la mahindi kwa vidole vyangu hivi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, kijiji chetu cha ujamaa juu ya Mlola kikiwa kichanga, tukila pamoja, tukiosha vyombo pamoja, na tukipoteza vyombo pamoja. Sinia lisilo na jina lilikwenda karamuni lisirudi. Bi Zainabu alikwisha kupoteza mawili. Likabaki moja la shaba, alilorithi kwa mama yake, na kesho yake lilikuwa liondoke na bintiye Tatu kwenda ukweni.

Ndipo alipoitwa Fanueli aje alichore jina, Simba wa Nakshi, Mtuliza-Shaba, aliyejitengenezea kalamu ya chuma kwa tupa kuukuu, akaitia mpini wa mti wa muwati ulioviringana kama uyoga.

"Ewe Fanueli!" Bi Zainabu akahutubia, mkono kiunoni. "Shaba haina kifutio. Ukikosea, mwanangu ataingia ukweni na beseni la bati, nami nitakutangaza kuanzia hapa hadi sokoni Lushoto!"

"Mama," shujaa akajibu, "iko mikato mitatu duniani. Uko mkato wa uzi, mwembamba kama unywele. Uko mkato wa kung'aa, kalamu ikilazwa ubavu hata herufi ikameta kama kioo. Na viko vitone, vya waoga. Mimi nitakata wa kung'aa!"

"Kata basi, mbona unahutubia?"

Sinia likalazwa juu ya mfuko wa mchanga. Jueni kwamba katika ufundi huu mkono wa fundi hauzunguki. Chombo ndicho kinachozunguka chini ya kalamu. Na mzungushaji, enyi wasikilizaji, nilikuwa mimi! T ikasimama wima kama askari. A ikafuata, imetanua miguu. T ya pili ikasalimu amri, na nyuzi za shaba zikajikunja mbele ya kalamu kama maadui wanaokimbia. Ikabaki U, ngome ya mwisho, yenye pindo. Nikazungusha polepole. Fanueli akazuia pumzi, Bi Zainabu akazuia pumzi, na, lahaula! Mlima Magamba ukatikisika, ardhi ikanguruma, kalamu ikachupa, ikaacha mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele mkiani mwa U.

Tatu akaangua kilio. Bi Zainabu akavua kandambili.

Fanueli hakukimbia. Aliuinamia ule mkwaruzo, akaupinda ncha, akaongeza mkato wa uzi huku na huku, na kumbe, jani! Jani la mharage, likichipua kutoka kwenye U.

Bi Zainabu aligeuza sinia juani mara tatu. Kandambili ikarudi mguuni.

"Na sufuria langu la wali," akasema, "nalo litie jani."

Kufikia mavuno hapakuwa na sufuria kijijini lisilo na jani. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Nakshi ya Mharage, na historia ya taifa changa ikapinda kona.

Nilipofika hapo, mwanamke mmoja akasimama nyuma ya baraza. Alikuwa Tatu mwenyewe, amekuja kumwona mamaye, sinia kwapani.

"Shikamoo, Mzee Mika. Magamba haikutikisika."

"Marahaba, mwanangu. Ilitikisika kidogo."

"Ulinusa ugoro, ukapiga chafya. Mate yalinifika shavuni."

Nikamtazama Fanueli, aliyeketi papo hapo kati ya wasikilizaji, anitetee. Msaliti yule akakagua dari. "Chafya mbili," akasema.

Basi naandika haya kwa mkono wa kushoto, maana gumba la kulia limevimba. Debe limefika nusu. Na punje za mahindi ya Tatu, naapa kwa miwani yangu, kila moja ni kubwa kama yai la kuku.

Tatu, anayesoma juu ya bega langu, amekwenda kuleta debe la pili.