Kuhusu Sheria ya Nne na Kiti Nilichoshindwa Kukikalia

Kutoka kwa Elisée Kapya, Katuba, Lubumbashi
Kwa Papa Aimé Mwaba, Président wa Klabu Musuli ya Shaba

Papa Président mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote na kukuombea afya njema, hasa ya sehemu unayokalia. Unisamehe mwandiko. Barua hii naiandika nimesimama, karatasi ikiwa juu ya friji. Leo ni siku ya kumi na moja sijakaa kitini. Nakula nimesimama, navaa viatu nimesimama, na kanisani wameanza kudhani nimepata wito.

Unanijua vizuri. Mimi ndiye ninayeinua yale magurudumu ya kitoroli cha mgodi yaliyotoka Kambove, kilo mia moja na arobaini pamoja na bare, kile chuma cha kushikia. Kwa miaka sita sijachelewa hata siku moja, wala sijawahi kuondoka na sabuni ya klabu. Kwa hiyo nalalamika kwa adabu, ingawa nimekasirika sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sheria ya Nne. Imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: "Pumzi haitoki mpaka chuma kirudi chini. Atakayepumua kabla atafagia." Nimeitii miaka yote sita. Nilibana pumzi mpaka macho yakataka kutoka, na wewe ukinipigia makofi na kusema, "Funga mupepo, Elisée, mupepo njo nguvu." Macho hayakutoka, Papa Président. Kilichotoka ni kitu kingine, mahali pengine. Falonne, muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu, amekiita bawasiri.

2. Huyo Falonne anapingana na klabu yetu kwa kila jambo. Anasema pumzi itoke wakati uleule chuma kinapopanda. Anasema nipunguze kilo mpaka uvimbe utulie, nilegeze mkanda, ninywe maji mengi, na bukari, ugali wetu, niile na mboga ya lengalenga na maharagwe, si kwa nyama ya kuchoma peke yake kama komite inavyotushauri. Chooni nisijikamue, wala nisikae humo nusu saa na simu. Asubuhi na jioni nikae kidogo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, na nikiona damu nirudi kwake haraka bila kuona haya. Beseni lenyewe ni la mama, la kufulia, na bado hajui. Nauliza kwa heshima: ukuta ule ni mrefu, na haya yote yangeenea. Kwa nini tuliandikiwa habari za kufagia?

3. Hili ndilo linaloninyima usingizi, ingawa usingizi wenyewe ni wa kulalia tumbo. Jumapili iliyopita nilikwenda rasmi kwa akina Abigaël, mchumba wangu, kumposa. Familia yao ilitoka Kasai zamani na wanashika desturi: mgeni akipewa kiti, mazungumzo hayafunguliwi mpaka akae. Nilipewa kiti. Kilikuwa cha mbao, kipya, chenye pembe. Baba yake, Papa Mardochée, alikuwa amekalia mto mnene wenye maua, na niliuonea wivu usio wa Kikristo. Akaniambia, "Ikala, mutoto yangu." Nikamjibu, "Merci Papa, niko muzuri hivi." Tukasubiriana kwa muda wa saa mbili na nusu. Wajomba walisinzia, kuku akapoa. Wao hawakuweza kuanza kwa sababu sijakaa, nami sikuweza kusema kwa nini sikai, mbele ya shangazi tisa. Mwishowe walifunga kikao ambacho hakikufunguliwa. Wamenipa nafasi nyingine Jumapili hii, na nikisimama tena, basi, niache kabisa kumfikiria binti yao. Nampenda Abigaël. Nilipokuwa natoka nilimwona jikoni analia, anadhani nimewadharau wazazi wake. Iliniuma kuliko bawasiri.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo.

Kwanza, klabu initolee hati yenye muhuri, ikithibitisha kwamba mwanachama Kapya husimama kwa sababu za kiufundi. Neno bawasiri lisitajwe popote.

Pili, Jumapili wanachama wote ishirini na wawili wanisindikize, na wao pia wakatae viti. Nikisimama peke yangu nitaitwa mwenye kiburi, lakini tukisimama wote tutasema ndiyo desturi ya kwetu, na itabidi watuheshimu.

Tatu, hilo likishindikana, komite iiandikie ofisi ya Komini kuomba viti vyote viondolewe Katuba kwa majuma sita, muda ambao Falonne amenipa wa kupona. Makanisa yaanze, ili yawe mfano. Nikipona nitatoa taarifa na watu watarudishiwa viti vyao.

Nne, atafutwe aliyeandika Sheria ya Nne. Chini yake kuna sahihi iliyofutika na mwaka 1987. Mtu huyo, kama bado yu hai, ni mpumbavu wa daraja la kwanza. Akalishwe juu ya bare kwa mwezi mzima, na kijana yeyote mwenye akili asikubali kumwita baba.

Nisalimie komite nzima, Mama Président, ndugu wote wa zamu ya asubuhi, na lile benchi la kuinulia kifua, ambalo sijui tutaonana nalo lini.

Mwanachama wako mtiifu, aliye wima,
Elisée Kapya

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha Papa Mardochée alipopiga hodi, yuko peke yake. Nikampa kiti, akakataa. Tukabaki uani tumesimama wawili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Abigaël aliniambia uko mu klabu gani. Ile sheria ya ine, ni miye njo niliandikaka." Kumbe sahihi ile iliyofutika ni yake, naye ndiye aliyekuwa président wa kwanza. Ule mto wa maua ameukalia tangu miaka ile, na hata shangazi wale tisa hawajui sababu. Akaniambia, "Ungesema tu, mutoto." Ni kweli, ningesema tu.

Basi hati siitaki tena, wanachama wabaki makwao, na viti vya Katuba visiguswe. Ombi la nne lifute lote, kuanzia neno "mpumbavu", maana tangu saa nane mchana namwita baba. Ningeichana barua hii, ila kuiandika nimesimama kumenimalizia asubuhi nzima. Usiisome mbele ya komite. Jumamosi atakuja mwenyewe na kopo la rangi kurekebisha ukuta. Umpe ngazi, usimpe benchi. Na Jumapili ameahidi kutakuwa na mito miwili, nami nitakaa.