Jedwali la Kumpata Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi wetu anastaafu! Miaka kumi na moja nimekuwa katibu wa shirika hili la viti vya magurudumu. Leo zamu yangu. Mwenyekiti wa bodi, muuguzi mstaafu asiyecheka ovyo, kasema safari hii hakuna kuchaguana kwa sura. Vigezo viandikwe, kila kigezo kipewe uzito, waombaji wapewe alama. Nani aandae jedwali? Mimi! Nusura nicheke mbele za watu.

Jumanne, 4 Machi

Mpinzani wangu ni Afisa Miradi. Digrii mbili, na hachoki kuzitaja. Ila yupo hapa miaka mitatu tu, masikini. Elimu nimeipa asilimia tano. Kuwajua wateja kwa majina, thelathini na tano. Miaka ya utumishi, sitini! Bodi imepitisha. Mwenyekiti kaonya kwamba uzito ukishapitishwa haugusiki. Nani ataka kuugusa? Nikampigia mama mkwe, nikamwambia mkwewe ni mkurugenzi. Kapiga vigelegele hadi sikio langu likaziba.

Jumatano, 5 Machi

Kikwazo. Kanuni zinataka waombaji watatu, tuko wawili. Nikamwendea mama wa mapokezi, ambaye ofisi nzima tunamwita Shangazi, nikamsihi ajaze nafasi tu. Kasema, mwanangu, mimi ni wa simu na daftari la wageni, ukurugenzi nitaupeleka wapi? Nikambembeleza. Fomu nikamjazia mwenyewe. Kwenye miaka ya utumishi kataja ishirini na sita. Nikaandika haraka haraka, nilikuwa nawahi chai.

Ijumaa, 7 Machi

Wajumbe wametoa alama, kila mmoja kivyake, bila kunong'onezana. Shangazi: themanini na tisa. Mimi: arobaini na moja. Kataja wateja mia mbili, na wajukuu wao. Mimi niliwakumbuka wanne, mmoja kumbe alishahama. Nikadai jedwali lina kasoro. Mwenyekiti kauliza liliandaliwa na nani. Roho inaniuma, sifichi. Mama mkwe keshautangazia ukoo mzima.

Jumatatu, 10 Machi

Mkurugenzi mpya kaniita, bado ananiita mwanangu. Kashukuru kwamba nilimsukuma. Sasa anataka naibu, na jedwali niandae mimi! Kosa nimeliona: kigezo cha miaka. Safari hii uzito karibu wote nimeuweka kwenye kuzijua nyumba za wateja. Nimeshafika nyumba arobaini! Mwombaji wa tatu ni dereva wa ofisi, mpole, hana makuu. Fomu nimemjazia. Tena ni shahidi wangu, maana nyumba zote arobaini ndiye aliyenipeleka.