Misumari Ndani ya Sofa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza kuandika. Nimesoma mpaka darasa la nne, lakini la nne la zamani, sawa na digrii ya hawa wa leo. Nchi iko katika mambo makubwa na lazima mtu mwenye akili ayaandike. Nimetazama mtaa mzima. Sikuona mwingine.

Karakana ni moja, redio ni mbili. Mimi natengeneza fremu za sofa, ndiyo maana wananiita Randa. Mdogo wangu anajaza na kushona, naye wanamwita Sponji. Tumefanya hivi tangu enzi za marehemu baba. Zamani redio ilikuwa moja, tukisikiliza mpira. Sasa siasa zimetugawa: mimi nina redio ya upande wetu, inayosema kweli. Yeye ana ya upande wao.

Leo yangu ilisema wao wanataka kuiuza nchi. Papo hapo yake ikasema sisi tumeshaiuza. Nikaongeza sauti. Akaongeza. Nikaongeza mpaka spika ikakwaruza. Mteja aliyekuja kuulizia kochi akaondoka ameziba masikio. Sponji akasema, kaka, tutawafukuza wateja. Nikamwambia apunguze yeye kwanza. Nani alitangulia kuzaliwa?

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi nimemtolea betri nzima kwenye redio yake na kumwekea zilizokufa. Mpango safi kabisa! Akachomeka waya ukutani. Sikujua kama redio ile inatumia umeme.

Nikapata wazo la pili, kubwa zaidi. Redio yetu ina kipindi cha asubuhi, watu wanapiga simu kutoa dukuduku. Sponji alikuwa ameenda kununua vitambaa. Nikapiga. Nikasubiri mpaka sikio likapata moto. Wakanipokea! Nina sauti nzuri, ningekuwa mhubiri kama si mbao. Tatizo, sikuwa nimeandaa la kusema. Macho yakaangukia rundo la sponji pale mezani. Nikasema mafundi wa upande wao wanajaza majani makavu kwenye sofa za watu wa upande wetu.

Mtangazaji akauliza kama nimeona kwa macho yangu. Nikasema kwa yote mawili. Akaniita mzee mwenye uchungu na nchi yake.

Nilitia chumvi, sikatai. Lakini ni jambo linaloweza kutokea.

Jumatano, 6 Agosti

Nimo kwenye taarifa ya habari! Walisema mafundi wa upande ule wanajaza sofa zetu majani na misumari.

Misumari! Mimi sikutaja misumari. Maana yake wamechunguza wenyewe. Nilikisia tu, kumbe nimegusa penyewe.

Nilienda nyumbani mbio nikalichana kochi letu kwa kisu. Ni lile Sponji alilolishona bure binti yetu alipoolewa. Mama watoto akapiga ukelele, akauliza nimeingiwa na nini. Nilitoa sponji yote mpaka fremu ikabaki mifupa. Hakuna msumari hata mmoja. Wamejua nitakagua, wakawahi kuitoa. Mama watoto akauliza waliingia lini na yeye yupo nyumbani kutwa. Siasa hajui. Chakula tumekula tukiwa sakafuni. Fremu, lakini, inang'aa. Kazi ya mkono wangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Wateja wa upande wetu wanarudisha sofa zikiwa zimechanwa. Mke wa mwenye duka la dawa alisema hakukuta msumari. Hakukuta jani pia. Lakini tangu asikie habari hawezi kukaa akatulia, kwa hiyo sofa ni mbovu.

Halafu redio yao! Imetangaza kwamba maseremala wa upande wetu wanakata miguu ya viti nusu kwa msumeno ili watu wao waanguke. Uongo mtupu! Redio zile hazina haya. Zinaokota neno la mpiga domo yeyote na kulitangaza bila kuuliza. Sasa wateja wao nao wanakuja kupindua viti na kuchungulia miguu. Hakuna aliyenunua. Karakana imejaa watu kama msibani.

Jioni Sponji alizima redio yake mwenyewe. Akaja akaketi kwenye benchi langu. Alisema mtaa mzima umeitambua sauti yangu. Akaniuliza, "Kaka, majani nimeweka lini?"

Nikamwambia sikutaja jina la mtu. Akasema mtaa huu una fundi mmoja tu wa kujaza sofa. Nikasema hilo ni tatizo la mtaa. Hakucheka. Alisema kuna vijana wamepita mara mbili wakimwonyesha kidole. Akaniomba nipige tena, niseme nilikosea, kabla hawajamfanya kitu. Akachukua sindano, akakosa tundu mara tatu. Mikono ile hupitisha uzi kwenye sindano bila kutazama.

Nikasema sawa. Mimi si jiwe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepiga. Mungu ni shahidi wangu, nilipiga nikiwa na nia ya kukanusha. Sponji alisimama mlangoni akisikiliza.

Sasa mtangazaji alipoisikia sauti yangu tu, akapaza yake: mzee wa misumari huyo, wasikilizaji! Akapiga makofi. Huko ndani wenzake nao wakapiga. Nani amewahi kunipigia makofi katika maisha yangu? Akauliza nina jipya gani. Nikasikia mdomo wangu ukisema wapo wengi, na wengine tunafanya nao kazi chumba kimoja.

Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Mchana vijana walikuja. Wana kofia za upande wetu. Mmoja ni mtoto wa muuza mkaa, namjua tangu anabebwa mgongoni. Aliniamkia kwanza, shikamoo mzee, ndipo wakaanza. Walimwaga sponji barabarani. Walivunja cherehani ya marehemu baba. Sponji alijitupa kuizuia, wakamkanyaga mikono kwa viatu, yote miwili, huku wakiuliza misumari iko wapi.

Nami sikukaa kimya! Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote: fremu ni zangu!

Hawakugusa fremu hata moja.

Jumapili, 10 Agosti

Mambo yamekuwa wazi. Redio imetangaza kwamba waliomvamia fundi wa mtaani kwetu walitumwa na upande ule, wakavaa kofia zetu ili watuchafue.

Nilikuwapo, kweli. Nilimwona mtoto wa muuza mkaa. Lakini mimi nina macho mawili ya uzee, redio ina waandishi nchi nzima. Hata ile shikamoo, nikiikumbuka, haikuwa ya kawaida.

Nimeenda hospitali. Sponji amefungwa plasta mikono yote hadi viwiko. Daktari hajui kama vidole vitashika tena sindano. Mama watoto alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko, akimwita shemeji, shemeji, taratibu. Mimi hakunitazama.

Nilimpelekea zawadi. Redio yangu ndogo, tayari iko kwenye stesheni yetu, na vitufe vya kuzimia na kubadilishia stesheni nimevipaka gundi ya mbao visihame. Nikaiweka kando ya mto. Akasema, "Kaka, nakuomba, izime." Nikamwambia asikilize kwanza ajue ni watu wake mwenyewe waliomfanya hivi. Akageukia ukutani. Machozi yakamtoka, na kuyafuta hawezi.

Ukweli unauma, lakini umemwingia. Miaka yote hii, na leo ndiyo mara ya kwanza amesikiliza bila kubisha!

Kisha akaja nesi. Akajaribu kitufe cha kuzimia, hakikugeuka. Akafungua nyuma, akatoa betri, akaniwekea mkononi. Alisema, "Mzee, nenda nyumbani."

Nilimtazama vizuri yule dada. Nikawatazama na wenzake. Kumbe na hospitali ni upande wao!

Kesho kipindi kinaanza asubuhi. Nitataja vidonge tu. Yaliyobaki watayachunguza wenyewe.