Profesa wa Mashine Arobaini

Jumatatu, 9 Juni

Mashine ya kuhesabia chembe za damu hapa maabara bado imekufa. Siku ya kumi na mbili leo. Inawasha taa nyekundu, inakoroma, inajizima. Nimejaza fomu ya malalamiko mara kumi na moja. Jibu la kampuni ni lile lile: malalamiko yako ni muhimu sana kwetu. Muhimu! Si waje, basi.

Daktari mkuu kaniita. Kaongea kwa upole, na upole wake ndio unaotisha. Mashine isipopona hadi Ijumaa, damu za asubuhi zitapelekwa kliniki ya ng'ambo ya barabara, na mimi nitahamia zamu ya jioni. Nikamweleza kwamba mama mkwe hunishikia mtoto asubuhi tu, mchana anakwenda kwenye cherehani yake. Mtoto ana miezi minane. Nimwache na nani, paka? Akasema ananielewa. Kisha akarudia: Ijumaa.

Bi Kanuni, mwenzangu wa zamu ya jioni, alikuwa mlangoni akipangusa kitasa kwa spiriti. Kasema nikihamia kwake atanifundisha kuosha chupa inavyotakiwa. Miaka minne naosha chupa!

Jumanne, 10 Juni

Mtoto anaota jino. Hatukulala. Nimefika kazini blauzi nje ndani.

Nimepiga simu huduma kwa wateja. Muziki, dakika arobaini. Akapokea binti, akachukua namba ya mashine, akanirudisha kwenye muziki. Nikakaa. Nikasimama. Nikaizunguka meza. Nikakaa tena. Ndipo nikaona karatasi yao ina namba mbili: ya malalamiko na ya mauzo. Nikapiga ya mauzo, kujaribu tu. Ikapokelewa kabla haijalia mara ya pili!

Nikakata. Kisha nikawaandikia barua pepe. Mimi ni Profesa, mkurugenzi wa Taasisi Kuu ya Damu. Nahitaji mashine arobaini. Wiki hii napatikana hapa, nikaweka anwani ya kliniki yetu.

Mchana, nikimpokea mtoto, nimemsimulia mama mkwe. Kasema njia ya mwongo ni fupi. Vizuri. Mimi nina haraka.

Jumatano, 11 Juni

Muuzaji kafika saa mbili na robo asubuhi! Suti, viatu vya ncha, kalamu za zawadi. Wiki mbili hawajui tulipo, leo wametupata bila kuuliza njia.

Kamuulizia Profesa. Nikasema yuko kikaoni. Kikao gani? Cha damu. Akakaa kungoja. Mara macho yake yakaangukia mashine yao na ile taa nyekundu. Jasho likamtoka. Akaniuliza kwa kunong'ona kama Profesa ameiona katika hali hii. Nikasema bado, ila akitoka kikaoni atapita hapa hapa.

Sijapata kuona mtu akichomoa simu haraka vile. Akamfokea mtu huko: kesho asubuhi fundi awe hapa, la sivyo ajitafutie kazi nyingine.

Nimeimba njia nzima hadi nyumbani. Mtoto kacheka na jino lake limechungulia.

Tatizo dogo. Muuzaji atarudi Ijumaa na bosi wake, wampe Profesa mkono.

Alhamisi, 12 Juni

Fundi kaja, mtu mzima, mzito, asiyependa maneno. Kaufungua mgongo wa mashine, kachungulia, kaingiza koleo. Bi Kanuni, mtu wa jioni, eti asubuhi hii kaja kuangalia ratiba.

Fundi akageuka. "Dada, mashine yako imevaa soksi."

Soksi ya njano. Ya mwanangu, mguu wa kushoto. Wiki mbili naitafuta! Chumba changu nyumbani hakipati jua, na mgongo wa mashine unatoa joto zuri sana. Mama gani asingeanika? Kumbe ilitumbukia kwenye feni, feni ikakwama, mashine ikachemka na kujizima.

Dakika sita na imewaka. Imepima damu vizuri kabisa.

Bi Kanuni kaiinua soksi kwa kibano, kasema hiyo ni ushahidi. Nikamwambia huo ni mguu wa mwanangu, nikamnyang'anya.

Kitabu cha mashine kina kurasa mia mbili na kumi na mbili. Nimezipitia zote. Hakuna palipoandikwa usianike soksi. Nimewatumia lalamiko la kumi na mbili.

Ijumaa, 13 Juni

Muuzaji na bosi wake, saa tatu kamili. Profesa yuko wapi? Nilikuwa nimeandaa kisingizio cha safari ya ghafla. Ulimi ukanitoroka. Nikasema amefariki.

Wakavua miwani. Bosi akauliza lini. Nikasema leo. Ghafla? Nikasema sana. Wakaondoka wakinyata. Saa moja baadaye likaja shada la maua, halipiti mlangoni. Malalamiko kumi na mawili hayakuleta mtu, rambirambi saa moja tu!

Daktari mkuu kaisoma kadi mara mbili. Kauliza ni nani huyo kafia ndani ya kliniki yake na yeye hakuambiwa. Nikatapika ukweli wote, hata soksi. Akilini nikamwona mtoto wangu jioni, analia, na paka.

"Mashine inafanya kazi," akasema. "Baki asubuhi. Lakini nisisikie tena unaandikia kampuni yoyote kwa jina la huyo Profesa."

Nimeapa. Nimelia kweli.

Jumatatu, 16 Juni

Mimi ni mtu mpya. Nimetulia.

Saa nne, mashine ya kuzungushia sampuli imeanza kusaga kama kinu, kisha kimya. Hii ni ya kampuni nyingine. Namba ya malalamiko: muziki. Bi Kanuni kasema kanuni ni kusubiri. Daktari mkuu kapita, kanitazama. Nikamwonyesha viganja vitupu.

Kiapo ni kiapo. Profesa simgusi, apumzike kwa amani.

Jioni hii, mtoto mgongoni, nimewaandikia watu wa mauzo. Barua inaanza hivi: Mimi ni mjane wa marehemu Profesa, na wosia wake ulikuwa mashine sitini za kuzungushia damu.

Mume wangu kaingia, kaniuliza mbona nimenywea hivyo. Nimemwomba asinisumbue, nimefiwa.