Albamu ya Laivu Kwenye Duka la Magodoro

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeharibika saa nne asubuhi. Redio ya duka imepiga albamu ya laivu ya Kinyozi. Yule yule anayeninyoa! Watu wanapiga mayowe, mtu anakohoa, gitaa linakwaruza, Kinyozi anacheka katikati ya ubeti. Mteja aliyekuwa anajaribu godoro la sita kwa sita akanyanyuka akacheza. Kwangu hajawahi kucheza mtu. Mimi nina gitaa, nina bendi ya roki, nina kipaji. Kinyozi ana mashine ya kunyolea.

Jioni akanijia mdogo wangu wa kike, mpiga dramu wetu, ametoka kazini kwenye tanuri la mikate, unga mpaka kwenye nyusi. Akasema Kinyozi amemwita kwenye bendi yake. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema bendi yetu anaipenda ila amechoka kuupigia ukuta. Ile albamu yetu ya kwanza ya laivu niliirekodi chumbani, makofi ya mashabiki nikayapiga mwenyewe. Anasema mashabiki wote wanasikika wamevaa pete. Kweli nina pete.

Amenipa mpaka Jumapili. Nimletee albamu ya laivu ambayo ataisikiliza mara mbili kwa hiari yake, la sivyo anahamia kwa Kinyozi. Huyu ni mtoto niliyemfundisha dramu mimi, kwenye masufuria ya mama! Roho imeniuma sana. Lakini mpango ninao.

Jumanne, 5 Machi

Tutapiga Jumamosi mchana, hapa dukani kwetu. Bosi amekubali, sharti watu wavue viatu. Adui wa sauti ni mwangwi, kila mtaalamu anajua. Na mimi nauza nini? Magodoro! Nitayasimamisha kuta zote nne. Sauti safi, hakuna kelele ya ukumbi. Kinyozi atalia.

Fundi wetu wa mitambo, ambaye siku za kawaida hutengeneza redio, amesema albamu ya laivu inataka ukumbi usikike, msikilizaji ajione yumo ndani na watu. Nikamwambia ashughulike na nyaya zake.

Jumatano, 6 Machi

Mashabiki wanahitaji nidhamu. Nimeandika kadibodi tatu: PIGENI MAKOFI, SHANGILIENI, NYAMAZENI. Nikamwomba mke wangu azinyanyue. Akasema ana nguo za kupiga pasi mpaka mwakani. Mama yake akajitolea.

Mama mkwe! Ningemkatalia kwa mdomo gani? Nikamshukuru. Nikamweleza mpangilio mara moja tu, maana kumrudia mkwe ni kumwambia hakuelewa. Akasema nisijali, muziki mbaya yeye anaujua. Nikafurahi. Sijui kwa nini nilifurahi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kunyolewa ili nipeleleze. Nikamuuliza Kinyozi kwa ujanja, kama mtu asiyejali, albamu yake aliiandaaje. Akasema hakuandaa chochote. Alisahau maneno jukwaani, watu wakamkumbusha, akaacha ilivyo. Uongo mtupu! Nilipogeuka kumkodolea macho, mashine ikapita. Sasa upande mmoja wa kichwa nina upara wa mzee.

Jumamosi, 9 Machi

Watu thelathini na mmoja wamekuja! Wakavua viatu, wakaona magodoro yaliyobaki sakafuni, wakakaa. Waliokaa wakaegemea. Walioegemea wakalala. Nyimbo sita mfululizo sauti yangu ilitoka mdomoni ikazama ukutani, hata mwenyewe sikujisikia. Makofi yakawa kama watu wanapigapiga mto. Ilipofika solo yangu ya gitaa, dakika tatu nilizozifanyia mazoezi mwaka mzima, mama mkwe akanyanyua NYAMAZENI. Hakuishusha mpaka mwisho. Nikamtazama kwa adabu. Naye akanitazama. Mkwe humwambii shusha. Watu wakatii. Kilichosikika ni mlinzi mmoja aliyetoka zamu, anakoroma. Mdogo wangu akawa anapiga dramu huku anaangalia saa.

Wimbo wa saba, wa mwisho, uzi wa gitaa ukakatika. Nikakimbilia nyuma ya magodoro nilikoficha nyuzi za akiba. Nikajikwaa kwenye waya. Godoro moja likaniangukia, likavuta la pili, yakaporomoka yote, ukuta baada ya ukuta, mimi chini. Giza. Vumbi. Mdogo wangu hakuacha kupiga. Nikapaza sauti: nitoeni! Watu wakajibu: nitoeni! Nikaongeza: nitoeni jamani! Wote: nitoeni jamani! Dramu zikapanda. Nikalia kwamba sina hewa. Na wao wakaimba kwamba hawana hewa.

Dakika nne! Nilipovutwa miguu na mlinzi, wimbo ulishakwisha. Watu wamesimama juu ya magodoro, wanaruka. Mama mkwe amevua kitambaa anakizungusha hewani, kadibodi kazikanyaga. Wote wananicheka, ni wazi. Nimeharibu kila kitu. Mdogo wangu ataondoka, na nitakuwa nimemfukuza mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi

Nimewahi kwa fundi kabla mdogo wangu hajafika. Nikamwagiza afute kishindo cha magodoro. Kilio changu nikakiimba upya pale pale, kwa utulivu, na sauti inatetemeka kidogo mwishoni kama ya waimbaji wakubwa. Akafanya, uso umekunjamana.

Mdogo wangu akasikiliza nyimbo zote saba. Zilipokwisha akachukua fimbo zake za dramu, akanipa mkono. Mkono! Mimi kaka yake wa tumbo moja, ananiaga kama mteja. Nilitaka kumwambia usiende. Nikamwambia aangalie waya mlangoni.

Fundi akasema subiri kidogo, dada. Akaweka ule wa jana. Hakuufuta, msaliti yule! Sauti imekabwa, imekabwa, halafu kishindo, na chumba chote kikafunguka. Unasikia kuta. Unasikia miguu. Mama mkwe anamwambia mdogo wangu: wapigie, mwanangu, wapigie! Na mimi mbali kabisa, chini, naomba kwa roho yangu yote.

Mdogo wangu akakaa. Ulipokwisha akataka urudiwe. Akataka tena. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akasema alikuwepo, dramu anapiga yeye, na bado kila akisikiliza hajui kama nitatoka. Akasema ni mara ya kwanza ananisikia naimba kitu ninachokitaka kweli.

Anabaki! Albamu itakuwa na wimbo mmoja, basi, iwe hivyo. Anabaki! Nilimkumbatia mpaka unga ukahamia kwangu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekaa nikachambua mambo kitaalamu, na siri ya albamu ya laivu nimeipata: ni kufungiwa. Albamu ijayo itakuwa na nyimbo kumi na mbili, na kila wimbo nafungiwa ndani ya kitu tofauti. Pipa. Buti la gari. Friji ya bucha (itazimwa, mimi si mjinga). Lakini safari hii kila kilio lazima kipangwe sawasawa mapema. Kwa hiyo mchana huu, nyumba ikiwa tupu, nimeingia kwenye kabati la nguo kufanya mazoezi. Nimebeba shajara niandike vilio vilivyofaa. Mlango umejifunga vizuri sana. Komeo liko nje.

Saa kumi. Naandika kwa mwanga wa ufa wa mlango. Vilio vyote vinafaa.

Saa kumi na mbili. Mke wangu amerudi! Nasikia sufuria. Nimeita kwa nguvu zangu zote: nitoeni!

Kutoka jikoni amejibu: nitoeni! Mama yake ameshamfundisha wimbo. Nimemwambia haya si mazoezi. Naye ameimba haya si mazoezi, tena kwa sauti ya pili.

Kumbe ana sauti nzuri ajabu. Nikitoka namwingiza kwenye bendi.