Mkopo wa Nyumba Lazima Uishe Mwezi Huu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Habari kubwa! Kubwa kuliko zote tangu tuhame mtaa wa mabanda wa Mashimoni! Trizah, yule dada wa Sacco anayesimamia mkopo wa nyumba yetu, amempigia Mama simu asubuhi. Kasema Mama akilipa deni lote lililobaki kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, riba ya miaka mitatu inafutwa. Inafutwa! Nyumba inakuwa yetu kabisa. Vyumba viwili na choo cha ndani, ghorofa ya pili, hapa Satellite, Kawangware.

Mama ana karibu pesa yote, amekuwa akiweka kidogo kidogo. Imepungua elfu ishirini na mbili. Akavua viatu, akajilaza, akasema basi, haiwezekani, tutaenda polepole tu kama kawaida.

Polepole yenyewe ni hii: asubuhi anasafisha ofisi za watu. Mchana anavuka kwenda Mashimoni kukaanga mgongo wazi, zile samaki zilizobaki kichwa na mifupa, mpaka saa tatu usiku. Moshi umemwingia kifuani. Anakohoa hadi vikombe vinatikisika. Ameapa kwamba siku deni likiisha, kukaanga jioni kumeisha. Sijakula chakula cha jioni na mama yangu siku ya kazi tangu nikiwa darasa la sita. Sasa niko Form Three na nina ndevu tano.

Hiyo pesa nitaitafuta mimi, maana shule zimefungwa. Shida ni moja tu. Siwezi kuongea mbele ya watu. Nikiambiwa nisome darasani, sauti inatoka kama ya kuku aliyekanyagwa. Kwa hivyo mpango wowote lazima uwe wa kimyakimya.

Nimeanza kubana matumizi leo leo. Nimeficha sukari. Majani ya chai ya asubuhi nimeyaanika dirishani yatumike tena. Dada yangu Whitney, ambaye ana miaka tisa na mdomo wa miaka arobaini, ameonja akauliza kama hii ni chai ama nimekamua soksi. Huyo mtoto hajui riba ni nini.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata! Yaani nilikuwa nimelalia pesa!

Nyuma yetu kuna ploti ya mabati ya Mzee Kagiri. Babake alizaliwa hapa, babu yake pia, na yeye huongea kama vile hata mvua ya Kawangware inamlipa kodi. Kila wiki humwuliza Mama kama amechoka na mkopo, kwa sababu yeye ana cash na angetaka hiyo sitting room yetu aweke magunia ya waru, viazi vyake vya kuuza. Simpendi.

Lakini soja wake, Mutuku, nampenda. Mutuku analinda usiku na mchana hana pa kulala, maana huko kwenye ploti kuna fundi wa welding anayegonga vyuma kutwa. Na kitanda changu kinakaa bure mchana kutwa! Nikamwandikia karatasi, nikaipitisha chini ya geti, nikakimbia. Baada ya dakika kidogo huyo amepanda ngazi. Akauliza, niaje boss, godoro ni spring ama ni sponji? Nikaonyesha kwa kidole. Akalipa siku tatu mapema, mia kwa siku.

Mia kwa siku! Nikimweka Mutuku kwangu na soja mwingine kwa Whitney, tuko mbali sana. Kitanda changu sasa kina kazi ya kudumu. Nimelala na furaha na harufu ya buti za mvua.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa.

Kifua kimemzidi Mama, akaomba ruhusa, akarudi nyumbani saa sita. Mimi nilikuwa nimetoka kwenda dukani. Akafungua mlango akakuta mwanaume mzima anakoroma ndani ya blanketi langu la maua. Mama ni mwanakamati wa akina mama kanisani! Alichukua mwiko. Niliporudi nilikutana na Mutuku kwenye ngazi, suruali mkononi, buti moja mguuni, anasema pole mathe, pole mathe. Na nyuma yangu nani anapanda? Mzee Kagiri.

Ngai, Mama Billy, akasema, hata wewe?

Mama akaniamuru nimweleze huyo mzee ukweli, hapo hapo, kwa sauti. Majirani wote walikuwa wametoa vichwa. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maelezo marefu na mazuri. Kilichotoka ni neno moja: Analipa.

Whitney alicheka mpaka akakaa chini.

Mutuku amerudishiwa pesa yake. Mwiko umevunjika. Kwa hivyo tuko nyuma kuliko tulipoanza, kwa mwiko mmoja. Lakini nimejifunza kitu: tatizo halikuwa mpango, tatizo lilikuwa kwamba watu waliniuliza maswali ana kwa ana. Nahitaji mpango wa simu.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama hajaenda kazini wala Mashimoni. Amelala, anameza dawa ya kifua. Simu yake ameniachia nizuie watu wasimsumbue. Simu yake! Ambayo ina namba za kanisa lote la zamani kule Soweto West, akina mama wote wa Mashimoni, na wateja wa samaki!

Nimefungua grupu ya WhatsApp. Nimeongeza watu mia moja na kitu. Nimechagua ile picha yake ya kitambaa cheupe kichwani, nikaitoa rangi ikawa nyeusi na nyeupe, maana inaleta heshima. Jina la grupu, na jina lake mwenyewe kwenye mabano: KAMATI YA MAMA BILLY (AOKO). Kisha nikaandika:

“Wapendwa, mimi ni Billy, mtoto wake wa kwanza. Natumia simu ya Mama. Sababu ya kuwaweka hapa mnaijua. Tunaomba mchango kabla ya Ijumaa. Tumeni kwa namba hii. Tafadhali msipige, siwezi kuongea.”

Sikutaja mkopo. Mama hataki kabisa watu wajue anadaiwa. Nadhani nimeandika kwa busara sana. Mwalimu wangu wa insha angelia.

Ijumaa, 15 Agosti

Pesa inaingia! Simu inalia ting, ting, ting mpaka nimeifungia ndani ya sufuria! Mia mbili. Mia tano. Elfu moja kutoka kwa mtu anaitwa Kasyoka Mayai!

Na jinsi watu walivyo na upendo! Kila mtu anaandika pole. Pole sana Billy. Jikaze kijana. Mungu ndiye anajua. Sikujua watu wanaelewa uchungu wa mkopo namna hii. Mama mmoja ameandika kwamba jana alipita pale kwa karai la Mama akaona mahali pake pako wazi, akalia hadi nyumbani.

Jaduong' Oyoo, yule mzee mwenyekiti wa kwaya ya Soweto West, ameuliza Mama yuko wapi sasa. Nikajibu yuko hapa nyumbani kwa kitanda, nimemfunika blanketi mbili. Grupu ikajaa emoji za machozi. Halafu wakatuma kwa fujo! Elfu tatu ndani ya lisaa! Akauliza tena tunasafirisha lini. Sikuelewa tunasafirisha nini. Nikamjibu bado tunachangisha. Akasema watakuja kesho mchana, kwaya yote, wasituache peke yetu.

Kwaya nzima kuja kusherehekea! Mama akiuliza nitasema ni surprise. Tumefika elfu kumi na sita. Sijalala. Nimehesabu hadi nimejibusu mkono.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa chooni, mlango nimefunga, kwa usalama wangu.

Saa nane walifika. Walijaza ngazi yote, leso nyeusi, wanaimba wimbo wa kuaga. Nikaona Mzee Kagiri, ambaye namba yake pia ilikuwa kwenye simu ya Mama, amepanga viti vya plastiki hamsini chini. Nikafikiri, kumbe huyu mzee ana roho. Halafu akapanda, akanishika bega, akasema pole kijana, mama alikuwa mtu wa maana, akatoa tepu ya kupimia mfukoni na kuanza kupima ukuta wa sitting room.

Hapo ndipo nilipoanza kurudi nyuma kuelekea chooni.

Mama alikuwa jikoni. Amepona kidogo, anapika ugali. Aliposikia ule wimbo aliudaka hapo hapo, sauti ya pili, kama alivyouimba miaka yote. Akatoka na mwiko mpya akiimba. Akafika mlangoni. Akasimama. Akauliza, yawa, nani amekufa?

Wimbo ulikatika kama stima. Mama mmoja aliketi juu ya Kasyoka Mayai. Jaduong' Oyoo alirudi nyuma ngazi tatu akitaja majina ya Mungu kwa Kiluo, yote. Tepu ya Mzee Kagiri ilijirudisha yenyewe, tsrrrp!

Wote wakaniangalia mimi. Nikajaribu kueleza. Kuku aliyekanyagwa. Whitney ndiye aliyesema, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba Billy alikuwa anatafuta pesa ya kumaliza mkopo wa nyumba ndio Mama aache moshi, na Billy ni mjinga lakini si mbaya.

Mama akaomba simu. Akafungua grupu. Akajiona, nyeusi na nyeupe. Nikaona mabega yake yanatikisika nikadhani analia, kumbe anacheka. Kisha akashuka, akasimama mbele ya viti, akasema matanga haiwezi kwisha bila kusoma majina ya waliochanga. Atayasoma mwenyewe.

Na akasoma! Kila jina na kiasi chake!

Jaduong' Oyoo, shilingi mia mbili. Oyoo! Nimekupa samaki kwa deni tangu corona, na kufa kwangu ni mia mbili? Oyoo akasema hiyo ilikuwa ya kwanza tu, Min Billy, nyingine ilikuwa njiani. Akaambiwa basi iharakishe. Dada Fulani, mia. Wewe si ndiwe niliyekushonea sare ya kwaya? Kasyoka, elfu moja. Kasyoka, simama watu wakuone. Watu wakampigia makofi hadi akalia.

Halafu Mama akabadilika sauti. Akasema ni kweli anadaiwa. Akasema imebaki kiasi hiki na siku ni hizi, na alikuwa anaona aibu kusema. Anayetaka pesa yake, aje aichukue sasa hivi. Anayetaka kumwachia, atamlipa kwa samaki au kwa pesa, mpaka iishe.

Waliokuja kuchukua ni wawili. Wengine walikuwa wanatafuta simu mifukoni waongeze, wasisomwe tena na marehemu. Oyoo alitoa elfu mbili akimwangalia Mama kama mtu anayelipa faini.

Elfu ishirini na nne!

Mzee Kagiri akaja kudai pesa ya viti. Mama akampa kiti kimoja akae, akamwambia huo ndio mwisho wake kuketi kwenye nyumba hii akiwa na tepu.

Mimi nimechapwa baadaye. Kidogo. Kisha akanikumbatia, akiwa bado na mwiko, kwa hivyo sikujua ni kipi kinaendelea.

Jumatatu, 18 Agosti

IMEISHA! Nilienda na Mama kwa Sacco. Trizah akagonga muhuri, akampa mkono, akasema ni wachache sana wanaomaliza mapema na mshahara mmoja na watoto wawili, siri ni nini? Mama akaniangalia. Akasema siri ni kuomba watu kwa mdomo wako mwenyewe, bila kujificha. Akaniambia nikumbuke hilo maisha yangu yote.

Nimelikumbuka. Lakini nikiwa njiani nimelifikiria vizuri na naona Mama amekosea kidogo. Amekuwa na mdomo miaka yote na hakuna aliyetuma elfu tatu kwa lisaa. Kilichosaidia ni kwamba alianza kwa kufa.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku ya nne Mama akiwa nyumbani jioni. Tumekula ugali na sukuma pamoja, watatu, mlango umefungwa, hakuna moshi. Alicheka mara mbili bila kukohoa. Nilifurahi hadi nikaomba kuongezwa.

Baada ya kula akauliza kazi ya likizo iko wapi. Sikuwa nayo. Akauliza hiyo kemia mbona ni D. Akauliza kwa nini sijaoga. Akaniuliza huyu Ciru anayeniandikia “sasa” saa tatu usiku ni nani. Simu yangu imewekwa juu ya kabati. Taa zimezimwa saa tatu na nusu. Jana ilikuwa hivyo hivyo. Na juzi. Kumbe jioni zote hizi nilikuwa na uhuru na sikujua!

Mama anahitaji kitu cha kumshughulisha jioni. Kitu kisicho na moshi. Duka la nguo za watoto, kwa mfano, pale stage ya Kawangware.

Leo alipokuwa anaoga nimechukua simu yake nikamwandikia Trizah kuhusu mkopo wa duka. Nimeuliza tu. Amejibu haraka sana! Kasema mteja aliyemaliza mapema anapewa mkopo mkubwa zaidi, laki tatu, na Mama aje kesho aweke sahihi. Miaka mitano.

Miaka mitano tu! Tukijibana kidogo, huo tunaumaliza kwa mitatu.