Nilivyozuia Watu Wote

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ya mkuu wa stoo imetangazwa. Mwisho wa maombi Ijumaa saa sita mchana. Miaka tisa nahesabu misumari na makopo ya rangi, kwangu hii ni kufa na kupona. Barua nimeiandika kwenye kompyuta ya nyumbani. Kurasa mbili, imetulia. Tatizo ni shemeji, kaka wa mke wangu. Stoo moja, nyumba moja, kompyuta moja, na nafasi hii lazima naye anaitaka. Jioni kaniuliza kama barua imekaa vizuri. Yamhusu nini?

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua sehemu ya ruhusa. Kumbe kila folda unaweza kuiambia nani aifungue na nani asiifungue. Majina yamo: langu, la mke wangu, la shemeji, na mwisho kabisa Watu Wote. Nikimzuia shemeji peke yake, akiona atanuna wiki nzima. Nimezuia Watu Wote. Nimekula kwa raha.

Jumatano, 6 Machi
Folda haifunguki. Eti sina ruhusa. Mimi! Nimezima kompyuta, nimewasha. Nimejipa ruhusa zote, alama za tiki kuanzia juu mpaka chini. Wapi. Mke wangu kachungulia, akauliza kwa upole kama mimi si mtu. Nikamwomba aniache nifikiri. Nimejaribu kuiandika barua upya kwa kichwa, nimekumbuka salamu tu. Naogopa kweli.

Alhamisi, 7 Machi
Nimejishusha. Nimemwambia shemeji kompyuta inaumwa. Akabofya mara nne, akaondoa tiki moja. Akaeleza kwamba zuio lina nguvu kuliko ruhusa, na kwamba katika Watu Wote na mimi nimo. Folda ikafunguka, naye akaisoma barua yote mbele yangu. Akasema jina la meneja nimelikosea, akalirekebisha. Nikamuuliza ya kwake ataipeleka lini. Akacheka. Kumbe hajaomba, ukuu wa stoo hautaki, na yeye ndiye alishamwambia meneja anifikirie mimi. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto. Nimemwachia kiti cha karibu na feni.

Ijumaa, 8 Machi
Barua imefika saa tano na nusu. Saa tisa meneja kaniita: usaili Jumatatu saa mbili asubuhi, nije na vyeti vimechapwa, asiye navyo asijisumbue. Vyeti vimo kwenye folda ileile. Shemeji kanipongeza, kisha akauliza vyeti viko wapi anisaidie kuvichapa kabla hajaondoka. Anauliza sana yule.

Kosa langu sasa nalijua: nilifunga folda moja tu. Leo nimezuia Watu Wote kwenye diski nzima. Shemeji amekwenda kumwona mama yao, harudi mpaka Jumatatu jioni. Vizuri, hata nafasi ya kuchungulia hana. Vyeti nitavichapa Jumapili kwa utulivu.